Shahidi Asiyejua Alichokiona

Mwaka 1929 kampuni ya uchapishaji ya Mondadori mjini Milano ilianza kutoa mfululizo wa riwaya za upelelezi zenye majalada ya njano. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha Mmarekani S. S. Van Dine, wakafuata Edgar Wallace, Agatha Christie na wenzao. Majalada yale yalishika soko hata Waitalia wakazoea kuiita hadithi yoyote ya mauaji kwa rangi yake, giallo, na ndivyo wanavyoiita hadi leo, iwe riwaya, filamu au kesi ya kweli gazetini.

Utawala wa Mussolini haukuifurahia biashara hiyo. Magazeti yalikuwa yamebanwa yasiandike mno habari za uhalifu, maana nchi ya Kifashisti ilitakiwa ionekane imetulia, na hapo hapo maduka ya vitabu yamejaa maiti za kubuni. Ikaja amri kwamba muuaji wa hadithini asiwe Mwitalia kamwe, wala asiponyoke mkono wa sheria. Mwaka 1941 mfululizo ukapigwa marufuku kabisa, ukarudi baada ya vita. Ile amri ya kumtaka muuaji awe mtu wa kwingine ilikufa pamoja na serikali iliyoitoa. Lakini sinema iliyozaliwa na vitabu hivyo iliendelea kuitii kwa namna yake kwa miaka mingi, na filamu iliyoivunja waziwazi ndiyo, kwa maoni yangu, inayozipita zote.

Aliyeipa hadithi ya njano mwili wa sinema alikuwa Mario Bava, mzaliwa wa Sanremo, 1914. Baba yake, Eugenio, alikuwa mchongaji aliyehamia kwenye kamera enzi za filamu bubu na kuwa fundi wa mazingaombwe ya picha. Mtoto akairithi karakana. Bava alizipigia picha filamu za wengine kwa miaka mingi kabla hajakabidhiwa ya kwake, na hata alipokuwa mwongozaji aliendelea kufikiri kifundi: taa ikae wapi, kioo kiegemezwe vipi, jumba la kifahari lipatikane kwa picha iliyokatwa kwenye jarida na kuwekwa mbele ya lenzi.

Mwaka 1963 alitoa La ragazza che sapeva troppo, filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Nora, msichana wa Kimarekani aliyezama katika riwaya za mauaji, anafika Roma. Usiku huo huo anaporwa mkoba na kuangushwa karibu na ngazi za Trinità dei Monti, na katika kuzinduka na kuzimia anamwona mwanamke akidondoka na kisu mgongoni. Asubuhi hakuna maiti, hakuna damu, na madaktari wanamnusa harufu ya pombe. Sehemu kubwa ya filamu ni utani na mapenzi ya kitalii, tena si utani mkali sana. Lakini mbegu imekwisha kudondoka: mgeni, mji asioujua, jambo lililoonwa nusunusu, na polisi wasiomwamini.

Mwaka uliofuata Bava aliacha utani. Sei donne per l'assassino inatokea katika nyumba ya mitindo mjini Roma. Mwanamitindo mmoja anauawa, shajara yake inaonekana, na kila mtu mle ndani ana sababu ya kutaka kurasa zake zisisomwe: mmoja ana kokeini, mwingine ana madeni, mwingine aliwahi kutoa mimba. Muuaji hana uso. Amejifunga kitambaa cheupe kisicho na macho wala mdomo, amevaa kofia, koti refu na glavu nyeusi, na mavazi hayo ndiyo yaliyokuja kuwa sare ya wauaji wote waliomfuata. Mpelelezi anawaweka ndani wanaume wote anaowashuku, na usiku huo huo mtu mwingine anauawa. Wapenzi wa sinema wa kwetu wana kanuni ya kale, kwamba steringi hafi. Bava aliipita kwa njia ya mkato: hakuweka steringi. Hakuna mtu mmoja mle wa kumshikilia, na hakuna anayestahili kuombewa apone.

Kilichobaki ni macho. Taa nyekundu, za kijani na za zambarau zinamulika kutoka pasipo na taa. Katika duka la vitu vya kale mwanamke anatembea kati ya vinyago na mapazia huku mwanga ukiwaka na kuzima, na hofu yote imo katika kutojua mwako unaofuata utaonyesha nini. Inasimuliwa kwamba kwa kukosa fedha za reli, kamera iliwekwa juu ya kigari cha kuchezea watoto na kusukumwa. Ukiiangalia filamu huwezi kuamini. Kamera inateleza kana kwamba jumba lina pumzi.

Na ugonjwa uliingia siku hiyo hiyo. Bava hakujali tena nani aliua; alijali jinsi ya kuua. Wanawake sita waliovaa vizuri wanauawa kwa namna sita, kila kifo kimepangwa kama onyesho la nguo, na maiti inaachwa katika mkao ambao mpigapicha wa mitindo angeridhika nao. Atakayetaka kuitetea filamu atasema kwamba ndiyo maana yake, kwamba nyumba ya mitindo ilikuwa inawageuza wanawake kuwa sanamu hata kabla muuaji hajaingia. Ni hoja nzuri, nami naikubali kwa filamu hii moja. Haiwezi kuzibeba zile zote zilizoiga.

Waigaji hawakuja mara moja, kwa sababu filamu haikufanya vizuri sokoni Italia. Mwishoni mwa miaka ya 60 Umberto Lenzi alimleta mwigizaji wa Kimarekani Carroll Baker katika visa vya matajiri wanaotiliana dawa na kurithiana majumba, vyenye jasho la kitandani zaidi ya hofu. Mlango ulifunguliwa na kijana aliyekuwa mkosoaji wa filamu wa gazeti la Paese Sera.

Dario Argento alizaliwa Roma mwaka 1940, baba yake mtayarishaji wa filamu, mama yake, Elda Luxardo, mpigapicha mwenye jina. Kabla ya kutimiza miaka 30 alikuwa amekaa meza moja na Sergio Leone na Bernardo Bertolucci kutunga kisa cha C'era una volta il West. Filamu yake ya kwanza kama mwongozaji, L'uccello dalle piume di cristallo, ilitoka Februari 1970. Bwana mkubwa wa kampuni ya Titanus, Goffredo Lombardo, alipoona vipande vya mwanzo hakuvutiwa, akataka kumwondoa kijana. Argento husimulia kwamba baba yake alipokwenda kumwombea alimkuta katibu wa Lombardo anatetemeka, kwa kuwa alikuwa ameviona vipande vile. Salvatore Argento akamwambia amweleze bosi wake kilichompata, na habari ya kumfukuza mtu ikaishia hapo.

Onyesho lenyewe ni hili. Sam, mwandishi wa Kimarekani, anapita usiku mbele ya jumba la maonyesho ya sanaa. Ndani kumewaka taa, weupe mtupu, na watu wawili wanapambana: mmoja amevaa nguo nyeusi, mwingine ni mwanamke. Sam anakimbilia kuokoa. Mlango wa kioo wa ndani haufunguki, na wa nje unajifunga nyuma yake. Amenaswa kati ya vioo viwili kama samaki wa mapambo. Anaona kila kitu na hasikiki; mwanamke anatambaa sakafuni akivuja damu, akimwangalia. Filamu yote inayobaki ni Sam kujiuliza kuna nini katika picha ile kisichokaa sawa. Jibu linapokuja, tunagundua kwamba tulikuwa nalo tangu dakika za mwanzo. Kisu kilikuwa mkononi mwa mwanamke. Aliyevaa nguo nyeusi alikuwa mumewe akijaribu kumzuia. Sam aliona vizuri kabisa, akili yake ndiyo iliyogawa nafasi: mwanamume ni adui, mwanamke ni windo. Nasi tulizigawa vilevile.

Hapo ndipo nguvu halisi ya giallo ilipo, na ni nguvu ambayo riwaya ya upelelezi haina. Mwandishi wa riwaya anayeficha kidokezo anakificha katika maneno. Argento alikiweka wazi mbele ya macho, penye mwanga mkali, akategemea upofu wetu. Vittorio Storaro alipiga picha, Ennio Morricone akaweka sauti za watoto za kubembeleza na mihemo ya mwanamke badala ya ngoma za kutishia. Wakati nao ulikuwa wake. Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka katika benki ya Piazza Fontana, Milano, na kuua watu 17. Polisi wakawakamata wanaharakati wasiohusika, na mmoja wao, Giuseppe Pinelli, akaanguka kutoka dirisha la kituo cha polisi na kufa. Miezi miwili baadaye Waitalia walikaa gizani kuangalia filamu ambamo polisi wana kompyuta na maabara na hawajui lolote. Sidai kwamba Argento alikusudia siasa. Nasema tu kwamba watazamaji wake hawakuhitaji kushawishiwa.

Fedha zikamiminika, na watayarishaji wakafanya walichokuwa wamekifanya kwa filamu za kauboi: wakaiga mpaka jina. Jina lenye mnyama liliuza, basi mwaka 1971 peke yake tukapata kipepeo mwenye mbawa zilizoloa damu, buibui mwenye tumbo jeusi, mkia wa nge, mjusi mwenye ngozi ya mwanamke na iguana mwenye ulimi wa moto. Argento mwenyewe aliongeza paka na nzi mwaka huo huo. Katika Il gatto a nove code chanzo cha uovu ni nadharia ya kromosomu XYY, kwamba wanaume wenye Y ya ziada huzaliwa na uhalifu damuni. Katika 4 mosche di velluto grigio polisi wanapiga picha jicho la maiti ili waone kitu cha mwisho alichokitazama marehemu. Sayansi hiyo ni ya mganga wa sokoni, nayo iko kila mahali katika filamu hizi. Karibu kila moja inamalizikia kwa daktari wa akili au inspekta anayesimama na kutueleza kwa dakika mbili jeraha la utotoni lililomfanya mtu achinje watu saba. Mtazamaji aliyekuwa anafuatilia kwa makini anabaki ameduwaa. Aliyekuwa anaangalia rangi tu hajapoteza kitu.

Namna filamu hizi zilivyotengenezwa inaeleza mengi. Fedha zilichangwa na Italia, Hispania, Ujerumani Magharibi au Ufaransa, na kila mchangiaji alitaka mwigizaji wake. Mmarekani alihitajika ili filamu iuzike ng'ambo. Sauti haikurekodiwa wakati wa kupiga picha. Kila mwigizaji aliongea lugha yake, kisha wote wakawekewa sauti studioni. Ndiyo maana midomo na maneno havikutani, na ndiyo maana mazungumzo yana ubaridi wa ajabu, kana kwamba watu wanasomeana barua. Kwa mchezo wa kuigiza wa kawaida hilo ni balaa. Kwa hadithi ya mtu asiyeamini masikio yake, mara nyingine lilisaidia bila mtu kukusudia. Mandhari ikawa London, Athens, Vienna, viwanja vya ndege na hoteli; mezani chupa ya wiski ya J&B imegeuzwa nembo itazame kamera. Amri ya Mussolini ilikuwa inatimizwa na soko: muuaji na steringi wote ni watu wa kwingine, na Italia, inapoonekana, ni ya wapita njia wenye pesa.

Sergio Martino alikuwa stadi kuliko wengi katika kazi hiyo ya kiwanda. Lo strano vizio della signora Wardh, 1971, iliyoandikwa na Ernesto Gastaldi, inamfuata mke wa balozi huko Vienna anayeandamwa na mpenzi wake wa zamani. Edwige Fenech, mzaliwa wa Algeria, aliibeba kwa macho yake, na angestahili visa bora. Anakimbia, anavuliwa nguo, anapiga yowe, anaambiwa ana wazimu. Wanaume wanapanga maisha yake na kamera inawasaidia. Mwaka 1973 Martino alitoa filamu ambayo jina lake lote la Kiitalia ni ripoti ya polisi kuhusu maiti zenye dalili za ubakaji. Robo ya mwisho, msichana mwenye mguu ulioumia akiwa kimya katika nyumba ambamo muuaji anakata maiti za rafiki zake, ni kazi ya hali ya juu. Mpaka ufike hapo umepitishwa katika saa nzima ya kuchungulia wasichana wanaoota jua. Watetezi huniambia kwamba nyakati ndizo zilikuwa hivyo. Nyakati hizo hizo Italia ilipata sheria ya talaka, Desemba 1970, na wanawake walikuwa barabarani wakidai ya utoaji mimba, wakaipata 1978. Filamu hizi zilijua vizuri kilichokuwa kinaendelea. Massimo Dallamano katika Cosa avete fatto a Solange?, 1972, alijenga kisa kizima juu ya mimba iliyotolewa kwa siri na kinyama, na ni miongoni mwa chache ambamo kifo cha msichana kinakuwa na uzito wa kifo. Hata hivyo naye hakuweza kujizuia kupeleka kamera bafuni.

Sasa nifike kwenye filamu niliyoitaja mwanzoni. Lucio Fulci alikuwa mwongozaji wa vichekesho aliyegeukia giallo, na mwaka 1971 tayari alikuwa ameingia matatani: mbwa waliopasuliwa wakiwa hai katika filamu yake ya mjusi walionekana wa kweli kiasi kwamba alifikishwa mahakamani, na fundi Carlo Rambaldi, ambaye baadaye alipata Oscar kwa kiumbe wa E.T., akalazimika kuthibitisha kwamba walikuwa wa bandia. Mwaka 1972 Fulci akatoa Non si sevizia un paperino. Hakuna nyumba ya mitindo wala uwanja wa ndege. Ni kijiji cha kusini kiitwacho Accendura, cha kubuni, mawe meupe juu ya kilima, na barabara kuu mpya inapita juu yake kwa nguzo bila kusimama. Wavulana wanauawa mmoja mmoja. Kijiji kinamtafuta wa kumlaumu, na kinaye: Maciara, mwanamke anayeishi porini, anayechoma sindano wanasesere, aliyeigizwa na Florinda Bolkan. Polisi wanamwachia kwa sababu hana hatia. Wanaume wa kijiji wanamngojea makaburini na minyororo.

Onyesho hilo ni gumu kuliangalia, na safari hii ugumu una kazi. Redio ya gari imefunguliwa kwa sauti kubwa, wimbo wa mapenzi unaendelea, minyororo inapasua nyama. Hakuna rangi za zambarau, hakuna mkao wa mitindo. Maciara anatambaa mpaka kando ya barabara kuu, na familia zinazokwenda likizo zinampita. Watoto wanamwona kupitia vioo vya madirisha, magari hayasimami. Argento alikuwa amemfunga shahidi mmoja kati ya vioo viwili, asiweze kusaidia hata akitaka. Fulci aliwajaza mashahidi barabarani, kila mmoja na uwezo wa kukanyaga breki. Kisha akamfichua muuaji, na filamu ina miaka zaidi ya 50 kwa hiyo sina haja ya kuficha: ni padri wa kijiji, kijana, mpole, anayechezesha wavulana mpira, na anayewaua ili wafe kabla hawajatenda dhambi. Mwitalia, wa hapo hapo, anayeamkiwa na kila mtu. Mwishoni anaanguka kwenye jabali na sura yake inageuka kuwa ya mwanasesere dhahiri, mpira mtupu ukikwaruzwa na mawe na kutoa cheche. Udhaifu wa kiwanda haukumwacha hata hapa.

Baada ya hapo palikuwa na kilele kimoja zaidi. Profondo rosso ya Argento, 1975, ilipigwa sehemu kubwa Torino. Marc, mpiga piano Mwingereza aliyeigizwa na David Hemmings, yuko uwanjani usiku anapomwona mwanamke akiuawa dirishani. Anapanda mbio, anapita ukumbi mwembamba uliojaa michoro ya nyuso, anamkuta amekufa. Baadaye anashikilia kwamba mchoro mmoja umeondolewa. Hakuna mchoro uliokuwepo: alichokiona kilikuwa kioo, na ndani yake uso wa muuaji aliyesimama kwenye kona. Uso huo uko kwenye filamu. Kamera inaupitia, nawe unaupitia, unakwenda nyumbani ukiapa haukuwepo. Muuaji aliigizwa na Clara Calamai, nyota wa Ossessione, filamu ya Visconti, na muziki wa vijana wa bendi ya Goblin uligonga kama mtambo. Daria Nicolodi, kama mwandishi wa habari anayemshinda Marc kwenye mchezo wa kupimana misuli mezani, ni mmoja wa wanawake wachache katika giallo wanaoonekana kuwa na kazi ya kwenda kesho asubuhi.

Mwaka 1976 Mahakama ya Katiba ya Italia iliruhusu televisheni binafsi za mikoani. Vituo vikafumuka, vikirusha filamu usiku kucha bila kiingilio, na majumba madogo ya mitaani yaliyoilisha giallo yakaanza kufungwa. Wamarekani walichukua kisu na kuacha fumbo. Bava aliwapa ramani mwaka 1971 kwa Reazione a catena, yenye mauaji 13 kando ya ziwa, na Friday the 13th na wenzake waliifuata karibu hatua kwa hatua, wakaitajirikia. Bava alikufa 1980 bila kuyaona mengi ya hayo.

Argento alirudi mwaka 1982 na Tenebre, akiwa na jambo la kujibu. Kwa miaka alikuwa anaulizwa kwa nini anawaua wanawake namna ile, na mikono ya glavu nyeusi inayoonekana katika filamu zake mara nyingi ilikuwa yake mwenyewe. Steringi wa Tenebre ni mwandishi wa riwaya za mauaji anayefika Roma, na mwandishi wa habari wa kike anamwuliza swali lile lile usoni. Mwanamke huyo anauawa muda si mrefu baadaye. Kabla hajauawa, kamera inapanda kwa mtambo ukutani kwa nje, inavuka paa, inateremka upande wa pili, dakika mbili na zaidi bila kukatwa, ustadi wa kukutoa pumzi uliokodishwa kumnyamazisha aliyeuliza. Waingereza waliiweka kwenye orodha ya kanda za video zilizopigwa marufuku. Nimeiangalia mara nyingi na bado siwezi kusema kama Argento alikuwa anakiri au anadhihaki. Muuaji anapojulikana swali linazidi kuchacha.

Warithi wameendelea kujitokeza. Hélène Cattet na Bruno Forzani walifanya Amer, 2009, wakaondoa kisa karibu chote na kubakiza ngozi, glavu na macho. Peter Strickland, katika Berberian Sound Studio ya 2012, alimfungia fundi sauti wa Kiingereza katika studio ya Kiitalia akikatakata kabichi na matikiti ili kutoa milio ya miili ambayo hatuioni kamwe. Zote mbili ni safi mno kwa kipimo changu; nakosa uchafu wa kiwanda, daktari wa akili wa dakika ya mwisho, nembo ya wiski. Kwa anayeanza ningeshauri Profondo rosso katika toleo lake refu la Kiitalia, linalozidi saa mbili, kwa sababu la kuuzwa nje lilikatwa na sehemu nyingi za Nicolodi zikaenda na mkasi. Afuatishe ile ya Fulci. Na kwa vyovyote, atakapofika ukumbi wenye michoro, asisimamishe filamu kutafuta uso mara ya kwanza.